Ayalandi iliuzwa kabla haijatekwa: deni la vita, askari wa Cromwell na mnyororo wa kupimia shamba

Mtunza Stakabadhi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi wa siasa za Ulaya kuna mdau alifunga mjadala kwa mstari mmoja: "Waayalandi na Waingereza waligombea dini." Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, basi nimelihamishia huku. Dini ilikuwepo, sikatai: wenyeji Wakatoliki, walowezi Waprotestanti. Ila mimi ni mhasibu wa siku nyingi, na kazini nimezoea kuuliza kwanza: nani anamdai nani? Uliza hivyo kuhusu Ayalandi ya miaka ya 1640 uone mambo yanavyojipanga.

Usuli, harakaharaka. Mpaka miaka ya 1500 amri ya mfalme wa Uingereza ilisikika vizuri Dublin na viunga vyake tu. Nje ya hapo walitawala machifu wa Kigaeli, yaani Waayalandi wa asili, pamoja na mabwana wa asili ya Kinormani ambao walishageuka Waayalandi kwa lugha na kwa ndoa. Mwaka 1541 Henry VIII akatangazwa mfalme wa Ayalandi, na baada yake ukaingia mtindo wa kuwanyang'anya walioasi na kupandikiza walowezi: Laois na Offaly mwaka 1556, kisha Munster miaka ya 1580, ambako Walter Raleigh peke yake alizoa ekari kama 42,000.

Kubwa kuliko zote ni Ulster, jimbo la kaskazini. Wakuu wa kaskazini walipigwa Kinsale mwaka 1601, na Septemba 1607 Hugh O'Neill na Rory O'Donnell wakapanda meli pale Rathmullan na watu wao, wakaenda zao Ulaya bara. Hawakurudi. London ikasema: waliokimbia ni wahaini, ardhi yao ni ya mfalme. Kaunti sita zikakatwa mafungu ya ekari 1,000, 1,500 na 2,000. Aliyepewa alitakiwa alete Waingereza au Waskoti, ajenge nyumba yenye ngome, na asiwapangishe wenyeji. Vyama vya wafanyabiashara wa London vikabanwa vibebe mzigo wa Derry, mji ukaitwa Londonderry mwaka 1613 na kuzungushiwa ukuta ambao mpaka leo umesimama.

Sharti la kutopangisha wenyeji lilivunjwa karibu tangu siku ya kwanza. Walowezi hawakutosha, na mwenyeji alikuwa tayari kulipa kodi kubwa ili tu abaki alipozikwa babu yake. Kwa hiyo Ulster ikawa na watu wawili kwenye shamba moja: mwenye hati, na anayekumbuka lilikuwa la nani. Mwaka 1641 wakakutana.

Naendelea, naomba msikatize.

Mla Viazi

Nimeshatandika mkeka mbele kabisa. Chai ipo. Endelea mkuu, na ukifika kwenye viazi nishtue.

Mtunza Stakabadhi

Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ulster waliinuka. Habari zilipofika London, Mfalme Charles I na Bunge lake walikuwa hawaaminiani hata kidogo, na hazina haikuwa na fedha za jeshi. Sasa angalieni walichofanya Machi 1642. Bunge likapitisha sheria ya kukopa kwa watu binafsi, dhamana ikiwa ardhi ya waasi, na waasi wenyewe walikuwa hawajashindwa. Walitenga ekari 2,500,000, kwa bei iliyoandikwa kama ya duka: ekari 1,000 za Ulster paundi 200, za Connacht 300, za Munster 450, za Leinster 600.

Fikiria. Shamba liko mkononi mwa mwenyewe, ng'ombe wake wanalala humo, na kuna muuza vitambaa London kashalipia. Oliver Cromwell mwenyewe, ambaye baadaye angeongoza jeshi la Bunge ila enzi hizo ni mbunge tu, aliweka hela yake.

Sehemu inayonikosesha usingizi ni kifungu kuhusu msamaha. Sheria ile ilisema msamaha wowote ambao mfalme angewapa waasi bila Bunge kuridhia ni batili. Mnaona mtego? Mkisameheana, waasi wanabaki na mashamba, na aliyekopesha anakosa alichonunua. Amani ilishakuwa hasara kwenye vitabu.

Agosti mwaka huohuo Waingereza nao wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, Mfalme upande huu, Bunge upande ule. Sehemu ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya Ayalandi ikatumika kulipa jeshi la Bunge dhidi ya Mfalme. Deni likabaki palepale, na vita ya Ayalandi ikaachwa ichemke miaka kama saba.

Mbishi Halisi

Mkuu unaandika vizuri, ila umeruka mahali kwa makusudi. "Waliinuka." Waliinuka wakafanya nini? Walowezi walivuliwa nguo wakafukuzwa kwenye baridi ya majira yale, wanawake na watoto. Pale Portadown watu wapatao mia walisukumwa mto Bann wakafa maji. Hao hawakuwa na hisa London. Wengi walikuwa wakulima maskini tu. Usituletee hadithi ya mwenye haki upande mmoja.

Mtunza Stakabadhi

Umenishika, na nakubali. Portadown ni kweli, na kuna ushahidi wa maandishi: maelezo ya mashahidi kama 8,000 yaliyochukuliwa baada ya uasi yapo Chuo cha Trinity, Dublin, mpaka leo. Mle watu wanaorodhesha kila kitu, kuanzia ng'ombe na vyombo vya ndani mpaka jina la jirani aliyekuja usiku. Yanatisha kwa sababu waporaji wengi wanatajwa kwa majina. Walikuwa wanafahamiana. Na Wakatoliki nao waliuawa kwa kisasi, Islandmagee kwa mfano.

Ninachoongeza ni hiki tu. Wanahistoria wa sasa wanahesabu walowezi waliouawa kwa maelfu machache, na wengine maelfu wakafa kwa baridi na njaa. Vijitabu vya London vikaandika 150,000, vingine 200,000. Idadi hiyo inazidi Waprotestanti wote waliokuwa Ayalandi. Tarakimu zile ziliuza vijitabu, na hisa pia.

Kijiti cha Pwani

Na Drogheda? Maana Cromwell namjua kwa Drogheda tu.

Mtunza Stakabadhi

Alishuka karibu na Dublin Agosti 1649, miezi michache baada ya Bunge kushinda na kumkata kichwa mfalme. Septemba 11 akaivunja Drogheda, Oktoba 11 Wexford, maelfu wakachinjwa. Ila watu wengi hawajui kwamba mkuu wa ngome ya Drogheda, Arthur Aston, alikuwa Mwingereza wa upande wa Mfalme, na askari wake wengi vilevile. Alikuwa na mguu wa mti, na inasimuliwa askari wa Cromwell walimpiga nao mpaka akafa, wakidhani umejazwa dhahabu. Kwa hiyo ilikuwa vita ya Waingereza iliyohamishiwa uani kwa mtu mwingine.

Cromwell aliondoka Mei 1650. Vita yenyewe iliendelea mpaka 1652–53, na hapo ndipo watu walipokwisha: mazao yalichomwa, njaa ikaja, tauni ikafuata. William Petty, nitamrudia huyu, alikadiria waliopotea kuwa zaidi ya 600,000 kati ya watu wasiofika milioni moja na nusu. Wanahistoria wengi wanampunguzia, lakini hata ukimpunguzia sana bado ni msiba. Mbwa mwitu walizaana mpaka mwaka 1653 serikali ikaweka zawadi: paundi 6 kwa jike, 5 kwa dume.

Halafu kuna waliokimbilia msituni wakawa wanavamia walowezi. Kigaeli waliitwa kwa neno lenye maana ya mtu anayesaka au anayesakwa. Waingereza wakalitamka "Tory". Leo ndilo jina la utani la chama cha Conservative kule London. Jambazi wa porini wa Ayalandi, huyo.

Mla Viazi

😂😂 Hiyo ya Tory naenda nayo kijiweni leo hii.

Mtunza Stakabadhi

Sasa siku ya malipo. Wanaodai ni wawili: wakopeshaji wa 1642, na askari kama 35,000 wa Bunge ambao mishahara yao ilikuwa haijalipwa. Fedha hakuna. Kuna nini? Ardhi. Agosti 1652 ikapita sheria ya kupanga Waayalandi kwa mafungu ya hatia. Walioongoza uasi ni kifo. Wengine wapoteze theluthi moja au mbili ya ardhi yao, na kiasi kinachobaki wapewe kwingine. Hata mwenye shamba ambaye hakushika silaha alitakiwa athibitishe "mapenzi mema ya kudumu" kwa Bunge. Wewe ukae kijijini Tipperary miaka kumi ya vita, majeshi manne yanapita mlangoni kwako, halafu uthibitishe mapenzi ya kudumu kwa mmoja wao!

Wasio na mali inayofika paundi 10 walisamehewa. Msidhani ni huruma. Lazima awepo wa kulima.

Huko "kwingine" kulikuwa Connacht na kaunti ya Clare, magharibi ya mto Shannon. Tarehe ya mwisho ya kuhama: Mei 1, 1654. Hapo ndipo watu wakabaki na ule msemo, "Jehanamu au Connacht". Na hata huko hawakupewa pwani wala ukingo wa Shannon. Ukanda ule uliwekewa askari, wenyeji wafungiwe katikati.

Kila aliyehama aliandikiwa cheti. Kimoja kinanijia kila mara. Sir Nicholas Comyn wa Limerick, upande mmoja wa mwili umepooza. Anafuatana na mkewe Catherine, umri miaka 35, nywele za rangi ya kitani, kimo cha kati, na mtumishi mmoja, Honor M'Namara, miaka 20, nywele za kahawia, kimo cha kati. Hawana mali. Basi. Huyu alikuwa bwana mwenye cheo, na karani anampima rangi ya nywele za mkewe ili kule mbele wasije wakabadilishana watu.

Mashamba waliyoyaacha katika kaunti kumi yakagawanywa nusu kwa nusu, wakopeshaji na askari. Kura ya wakopeshaji ilichezeshwa London, Grocers' Hall, Januari 1654. Ukumbini kwa wauza viungo, ndugu zangu, ndimo Tipperary ilimogawanywa.

Ila huwezi kugawa usichokijua ukubwa. Ndiyo akaingia Petty. Daktari huyu, jeshi lilimleta kutibu. Kabla ya hapo Oxford aliwahi kupewa maiti ya mwanamke aliyenyongwa, Anne Greene, aipasue. Kufungua jeneza, akamkuta anakoroma, yeye na wenzake wakamhudumia mpaka akapona. Huyo ndiye aliyeomba zabuni ya kuipima Ayalandi Desemba 1654, akaahidi miezi 13. Mbinu yake ilikuwa ya kiwanda: huyu atengeneze minyororo tu, huyu dira tu, huyu achore, na wale askari waliozoea mvua na matope wakaburute mnyororo mashambani. Wakienda wakimwuliza mwenyeji: mpaka wa kijiji uko wapi, na huu mto mnauitaje? Mtu anaonyesha mpaka wa shamba lake ili apokonywe kwa usahihi.

Askari wa kawaida hawakufaidi. Walipewa hati ya deni, wengi wakawauzia maofisa wao kwa bei ya kutupa, wakarudi kwao. Maofisa na walanguzi ndio waliobaki na ardhi. Petty mwenyewe aliishia na mashamba makubwa Kerry.

Matokeo: mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki karibu asilimia 59 ya ardhi. Mwaka 1688 ilikuwa 22. Baada ya kushindwa tena, safari hii na mfalme Mprotestanti William wa Orange, ikafika 14 mwaka 1703, na sheria za baadaye zikaendelea kuimega: Mkatoliki hakuruhusiwa kununua shamba wala kukodi zaidi ya miaka 31.

Mla Viazi

Viazi bado?

Mtunza Stakabadhi

Viazi ni mjukuu wa haya yote. Mpangaji aliyebaki na kipande kidogo alipanda zao linaloshibisha familia kwenye eneo dogo, nafaka ikaenda kulipa kodi ya shamba. Ugonjwa wa viazi ulipoingia 1845, watu kama milioni moja wakafa na zaidi ya milioni wakahama. Hiyo inataka uzi wake.

Ramani Haidanganyi

Sahihisho dogo kabla watu hawajabeba. Kaunti sita za upandikizaji wa 1609 si zile sita za Ayalandi ya Kaskazini ya leo. Za 1609 ni Armagh, Cavan, Coleraine, Donegal, Fermanagh na Tyrone. Nchi ilipogawanywa 1921, Donegal na Cavan zilibaki kusini. Antrim na Down, ambako Waprotestanti ni wengi kuliko kote, hazikuwa kwenye mpango wa serikali kabisa. Huko Waskoti waliingia kwa mipango ya watu binafsi, Hamilton na Montgomery, kuanzia 1606. Serikali ilipanga pale ikafanya nusunusu, watu binafsi walifanya huku kukajaa.

Mtunza Stakabadhi

Asante mkuu. Nilikuwa nimelikwepa maana ningelikoroga.

Wakili wa Shamba

Niko Nakuru. Nasoma hapa nikitikisa kichwa. Kulipa askari kwa ardhi ya mwingine tunakujua: mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba wazungu waliotoka vita vya kwanza, na ardhi ya Wanandi ikamegwa. Waafrika waliobeba mizigo vita ileile hawakupata hata bustani. Swali langu kwa mwanzisha uzi: Waayalandi waliirudisha vipi? Kwa bunduki au kwa karatasi?

Mtunza Stakabadhi

Vyote viwili, ila karatasi ilibeba zaidi. Mwaka 1879 Michael Davitt na Parnell waliunda Umoja wa Ardhi. Silaha yao kuu ilikuwa kumtenga mtu. Kule Mayo, 1880, wakala wa bwana mmoja alikataa kupunguza kodi. Hakuna aliyemvunia wala kumuuzia mkate. Aliitwa Kapteni Boycott, na jina lake likawa kitenzi duniani, "boycott", yaani kususia. Kisha sheria ya 1903: serikali inamkopesha mpangaji, mpangaji ananunua shamba kwa bwana, analipa kwa miaka 68 na nusu. Wajukuu walikopeshwa kununua mashamba ya babu zao, na hela ikaenda kwa warithi wa waliopewa na Cromwell. Mwaka 1932 de Valera, kiongozi wa serikali ya Ayalandi, akagoma kupeleka marejesho London, wakapigana vita ya ushuru wa forodha mpaka 1938, wakamalizana kwa paundi milioni 10.

Wakili wa Shamba

Miaka 68! Sisi Skimu ya Ekari Milioni, kuanzia 1962, ilikuwa mkopo vilevile. Mzee wangu alikuwa anaweka risiti zake kwenye kopo la Kimbo. Mzungu alilipwa fedha yake taslimu akaenda zake, mzee akabaki na kopo.

Mwana Lubumbashi

Bandugu, mumesahau mtu mumoja. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya mpira na mikono iliyokatwa ya Congo ya Leopold, alizaliwa karibu na Dublin. Baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba alichokiona Congo alikiona kwa macho ya watu ambao nao waliwahi kuwindwa. Waingereza walimpa cheo cha Sir mwaka 1911, baada ya kufanya uchunguzi kama huo kule Amazoni, kisha wakamnyonga 1916 kwa kutafutia Ayalandi silaha.

Nesi wa Ughaibuni

Mimi niko huku Ayalandi mwaka wa sita, nahudumia wazee. Nimesoma uzi wote kwenye basi. Mambo mawili. Moja, ukielekea Derry kutokea kusini kibao kinasema Derry, ukivuka mpaka kinasema Londonderry, na vingine neno "London" limepakwa rangi. Nilimuuliza dereva niseme lipi, akaniambia sema "pale".

Mbili, nilikwenda Connemara likizo. Zile kuta za mawe! Shamba lingine halizidi kiwanja cha nyumba Mbagala, limezungushiwa ukuta wa mawe yasiyo na saruji, na mawe yenyewe yametolewa humohumo ndani ili angalau jembe lipite. Sasa nimeelewa kwa nini mzee wangu mmoja wa Tipperary akitaka kumlaani mtu hutaja jina la Cromwell. Hizo ramani za Petty zipo?

Mtunza Stakabadhi

Stori yake ni ndefu kama ya ramani ya hazina. Nyingi ziliungua Dublin mwaka 1711. Zilizopona zikahifadhiwa jengo la Four Courts, na Juni 1922, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, safari hii Waayalandi kwa Waayalandi, jengo likapigwa mizinga na nyaraka za karne saba zikageuka majivu. Karatasi zilizoungua zilipeperuka juu ya mji. Ila seti moja ilishaibwa na maharamia wa Kifaransa baharini mwaka 1707, ikaishia maktaba kuu ya Paris. Kwa nakala kama hizo Trinity imeijenga upya, iko mtandaoni bure. Unatafuta kijiji, inakuonyesha mmiliki wa 1641 na wa 1670. Mjaribie mzee.

Nesi wa Ughaibuni

Nimerudi. Jana zamu ya usiku mzee hakulala, nikamletea kompyuta. Nikamwambia nitafute shamba la kwenu? Akasema la kwetu najua liliendaje, tafuta la jirani. Na huyo jirani wamegombea uzio tangu yeye kijana, kila mmoja anadai ukoo wa mwenzake ulipendelewa na Waingereza.

Nikatafuta la jirani, kisha kimyakimya nikatafuta na la kwao. 1641 wamiliki wawili, wote Wakatoliki. 1670 mmiliki mmoja, kayachukua yote mawili.

Akavaa miwani akasoma mwenyewe. Akaniambia nimchapie, nakala mbili, na bahasha moja.